Mlango Mfupi wa Hekima

Hakuna mtu mwenye akili timamu asiyeitamani hekima. Mzee huitamani apate kuyaamua vema mashauri ya ukoo wake. Mama huitamani apate kuwalea watoto. Kijana huitamani asije akapotea katika njia za dunia. Lakini tukiulizana hekima hutafutwa wapi, majibu yetu hayapatani. Mmoja husema, "Soma vitabu, elimu ndiyo taa." Wa pili husema, "Mtafute mwalimu aliyefunuliwa siri, umfuate." Wa tatu husema, "Nenda mbali, tembea uone." Wa nne husema, "Usiende po pote. Kaa kimya, ujitazame moyoni mwako, maana nuru imo humo humo."

Majibu haya manne si mapya. Zamani sana alikuwako Mwafrika mmoja aliyezijaribu njia hizo zote, na kila njia akaifuata kwa bidii mpaka akaona mwisho wake. Kisha akaandika yaliyompata pasipo kuificha aibu yake. Mtu huyo ni Augustino, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Hippo. Wengi wetu twalijua jina lake kwa kulisikia kanisani, na wengine wamewapa watoto wao jina hilo. Nataka tuitazame safari yake kwa ajili ya swali moja: mtu atafutaye nuru ya moyoni hupungukiwa na nini hasa? Je, hupungukiwa na maarifa, au hupungukiwa na kitu kingine?

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka wa 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao siku hizi huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mtu wa mali kidogo, wala hakuwa Mkristo mpaka karibu na kufa kwake. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo tangu utoto. Wazazi hao walijinyima ili mtoto wao asome, kwa kuwa waliona ana akili nyepesi. Alipokuwa na miaka 16 alikaa nyumbani mwaka mzima bila masomo, maana fedha za kumpeleka mji mkubwa wa Karthago zilikuwa hazijapatikana. Wazazi wa kwetu hawana haja ya kufasiriwa neno hilo.

Katika mwaka ule wa kukaa bure alikwenda usiku pamoja na vijana wenzake wakauvua mti wa jirani matunda yake, mapea. Hawakuwa na njaa. Matunda yenyewe hayakuwa mazuri, na mengi wakawatupia nguruwe. Alipokuwa mtu mzima aliufikiri sana wizi ule mdogo kuliko makosa makubwa, kwa sababu hakuiona faida aliyoitafuta ndani yake. Aliiba kwa kuwa kuiba kulikatazwa, na kwa kuwa wenzake walikuwapo. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji mbele.

Hatimaye tajiri mmoja wa mji wao akamsaidia, akaenda Karthago. Huko, akiwa na umri wa miaka 19, alisoma kitabu cha Cicero, msemaji mkuu wa Warumi, kiitwacho Hortensius. Kitabu hicho kimepotea, yamebaki maneno machache tu yaliyonukuliwa na watu wengine. Lakini twajua kwamba kiliwahimiza watu kuipenda hekima. Moyo wa kijana ukawaka. Mpaka siku ile alikuwa amesoma ili apate cheo na sifa. Sasa akataka kuijua kweli yenyewe, hata kama haina mshahara.

Basi akayafungua Maandiko Matakatifu, kwa kuwa jina la Kristo alilinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Lakini aliyasoma akayadharau. Lugha yake aliiona ni ya watu wa kawaida, haina mapambo kama ya Cicero. Baadaye alieleza kosa lake kwa mfano ambao watu wa vijijini wauelewa mara moja. Maandiko, alisema, ni kama nyumba ambayo mlango wake ni mfupi, bali ndani mna kimo kikubwa. Naye wakati ule hakuwa mtu wa kuiinamisha shingo yake apate kuingia. Waliopata kuziona nyumba za kale za msonge wajua maana yake. Hata mwenye cheo, akifika mlangoni, huinama. Asipoinama atagonga kichwa, na nyumba haitabadilika kwa ajili yake. Wazee wetu wameyasema hayo kwa maneno yao: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kijana Augustino hakutaka kuinama, akatafuta mlango mrefu zaidi. Akajiunga na wafuasi wa Mani, mtu aliyeishi katika karne ya tatu katika nchi za Uajemi. Watu hao waliahidi kwamba hawatamtaka mtu aamini kwanza. Kila jambo watalionyesha wazi kwa akili. Walifundisha kwamba tangu mwanzo kuna mamlaka mbili zinazopigana, nuru na giza, na kwamba ndani ya mwanadamu vipande vya nuru vimefungwa katika mwili. Mtu akitenda dhambi, walisema, si yeye mwenyewe atendaye, bali ni lile giza lililomo ndani yake.

Hapo ndipo tuukumbuke mti wa mapea. Kwa mafundisho hayo, kijana aliyeiba matunda usiku hakuwa na hatia. Aliyeiba ni mwingine. Augustino alikiri baadaye kwamba mafundisho yale yalikipendeza kiburi chake kwa sababu hiyo: alifurahi kuambiwa kwamba hana kosa. Akakaa kwao muda wa miaka tisa hivi. Twaweza kujifunza hapa kipimo kimoja cha mafundisho ya siri. Mwalimu akikuahidi nuru, na papo hapo akakuondolea kila lawama na kuwatwika wengine, majirani, jamaa, mapepo, au nyota, jihadhari naye. Huenda hakuponyi, huenda akufunika macho tu.

Augustino alikuwa na maswali mengi ambayo wenzake hawakuweza kuyajibu, wakamwambia angoje aje mkuu wao, Faustus, aliye hodari wa maneno. Faustus alipokuja, Augustino alimwona ni mtu mwenye maneno matamu kweli. Lakini alipomwuliza juu ya mwendo wa jua na mwezi na nyota, ambao vitabu vya Mani viliutaja vibaya, Faustus alikiri kwamba hajui. Augustino alimsifu kwa unyofu huo, lakini imani yake katika mafundisho yale ikavunjika. Aliona kwamba kikombe kizuri hakikati kiu kama hakina maji.

Msomaji asidhani kwamba mambo ya kuwafuata wafunua siri yalikwisha pamoja na watu wa kale. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchi ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa, wakitumaini kukutana na Bwana. Wengi wao walikuwa watoto, ambao hawakuchagua neno lo lote. Waliokwenda huko hawakuwa watu wabaya; walikuwa watu wenye kiu. Kwa hiyo swali la namna ya kuitafuta nuru si swali la wenye nafasi na starehe peke yao. Kiu ya roho ni jambo la kweli, na mtu mwenye kiu aweza kunywa sumu. Augustino alipona kwa sababu hakuacha kuuliza. Kuinama mbele ya Mungu si kumkabidhi mwanadamu mwingine akili zako, kwa kuwa akili nazo ni zawadi ya Mungu.

Basi, baada ya vitabu na baada ya walimu wa siri, akaijaribu njia ya tatu, ndiyo safari. Mwaka wa 383 aliondoka Afrika kwenda Rumi. Mama yake alimfuata mpaka pwani asitake aende. Mwana akamdanganya, akaingia chomboni usiku mama akiwa katika maombi. Huko Rumi aliona kwamba wanafunzi walikuwa na hila ya kumhama mwalimu siku ya kulipa ilipokaribia. Mwaka wa 384 akapata kazi kubwa katika mji wa Milano, alipokaa Kaisari, akawa mwalimu wa serikali wa elimu ya usemaji. Kwa mtoto wa Thagaste hicho kilikuwa kimo kikubwa mno.

Siku moja alikuwa akienda kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari. Mwenyewe asema kwamba hotuba ile ilijaa uongo, na kwamba wasikilizaji waliojua kuwa ni uongo wangempigia makofi. Njiani akamwona maskini mwombaji, amekwisha kunywa, anacheka na kufanya mzaha. Augustino akageuka akawaambia rafiki zake kwamba maskini yule, kwa senti chache za kuombaomba, amepata furaha ambayo wao wanaihangaikia kwa taabu nyingi wasiipate. Hakusema kwamba ulevi ni furaha ya kweli. Alisema kwamba yake yeye ilikuwa ya uongo zaidi, maana mlevi angelala usiku ule na kuamka bila pombe yake, bali yeye alilala na kuamka na tamaa ile ile siku baada ya siku. Tembea uone ni neno zuri, na msafiri huona mengi. Lakini kila aendako huenda na moyo wake, na moyo usio na amani huko utokako haubadilishwi na bahari.

Ikabaki njia ya nne, njia ya kujitazama ndani. Hii ndiyo njia isifiwayo sana siku hizi, kwa hiyo yafaa tuiangalie kwa makini. Kama mwaka wa 386 Augustino alipata vitabu vya wafuasi wa Plato, mwenye hekima wa Wayunani, vilivyofasiriwa kwa Kilatini. Vitabu hivyo vilimwonya aache kutafuta kweli katika vitu vya nje, arudi ndani ya nafsi yake. Alirudi. Wala hatuwezi kusema kwamba hakuona kitu. Aliona kwamba akili yake huamua hili ni kweli, lile ni uongo. Hili ni jema, lile ni baya. Na kwamba kipimo ambacho akili hupimia si mali yake, kiko juu yake, kama vile jicho halikuumba jua lililiangazalo. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Tangu siku ile hakusema tena kwamba Mungu ni kitu chenye mwili, wala kwamba giza ni mungu wa pili.

Walakini hakuweza kukaa katika nuru ile. Aliiona kitambo kidogo, kisha mazoea yake yakamvuta chini. Alifananisha hali yake na mtu aliyesimama juu ya kilele cha mlima wenye msitu, akaiona nchi ya amani kwa mbali, asiione njia ya kuifikia. Kuona nchi ni jambo moja, na kuishika njia ni jambo la pili. Mtu akijitazama ndani kwa unyofu hataona nuru peke yake. Ataona pia kwamba nia yake imegawanyika. Augustino aliitaka kweli, na hapo hapo hakuitaka, kwa sababu alijua itamdai nini. Safari hii hakusema ni giza la Mani lililokataa. Alisema: mimi ndimi niliyetaka, na mimi ndimi niliyekataa. Naona hapo ndipo hekima yake ilipoanza.

Kuna jambo moja ambalo watu waisifuo safari hii hulipita upesi, nami sitaki tulipite. Tangu ujana wake huko Karthago Augustino aliishi na mwanamke mmoja pasipo ndoa, muda wa miaka zaidi ya kumi. Walizaa mtoto mwanamume, Adeodatus. Alipokuwa Milano, ili apate kumwoa binti wa nyumba yenye heshima, mwanamke yule akaondolewa akarudishwa Afrika. Mtoto akabaki kwa baba. Yeye aliapa kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Augustino, kwa kuwa yule mchumba alikuwa bado mtoto na ndoa ilimpasa kungoja kama miaka miwili, akatwaa mwanamke mwingine. Haya yalitendeka karibu na wakati ule ule wa kuvisoma vitabu vya nuru. Amekiri kwamba moyo wake ulichanika ukatoka damu. Lakini jina la mwanamke yule hakuliandika, wala hatujui alivyoishi baadaye.

Nalitaja hili kwa sababu lina fundisho. Twaweza kufikiri kwamba kutafuta nuru ya moyoni ni shauri la mtu na nafsi yake, wala halimhusu mwingine. Sivyo. Mtu aketipo akijitazama, wako watu wanaolipa gharama ya kutazama kwake: mke, mtoto, mzazi aliyeachwa pwani. Mtu akikuambia kwamba amepata ufahamu mkuu wa mambo ya roho, usimwulize kwanza ameona nini. Watazame walio karibu naye, wale wamtegemeao, uone wanaendeleaje. Nao wakiwa wanalia, nuru yake bado haijafika nyumbani kwake.

Sasa twafika katika bustani. Mwezi wa Agosti mwaka wa 386 alikuja nyumbani kwake Mwafrika mwenzake, mtumishi wa Kaisari, akawasimulia Augustino na rafiki yake Alypius habari za Antoni wa Misri, mtu asiye na elimu ya vitabu, aliyesikia neno la Injili kanisani akaondoka akalitenda, akagawa mali yake akaenda jangwani. Augustino alishikwa na aibu kali. Alimwambia Alypius kwamba watu wasiosoma wanainuka na kuuteka ufalme wa mbinguni, nao wenye elimu wangali wanagaagaa pale pale. Wakatoka wakaingia bustanini. Huko akalia chini ya mtini, na kutoka nyumba ya jirani akasikia sauti ya mtoto, kama katika mchezo, ikirudia kumwambia mtu atwae asome. Akautwaa Waraka wa Paulo kwa Warumi, akaufungua katika mlango wa 13, akasoma maneno machache yawaonyayo watu waache ulevi na uasherati na ugomvi, wamvae Kristo. Hakuendelea kusoma. Hakuhitaji.

Wengi hushangaa juu ya sauti ya yule mtoto, nao hungoja sauti kama ile. Lakini tuangalie vizuri: alijifunza nini kipya siku ile? Hakujifunza neno. Kwamba uasherati ni dhambi alikwisha kulijua tangu magotini mwa mama yake. Alikuwa na miaka 31, amesoma vitabu vingi kuliko karibu watu wote wa mji ule, na katika vyote hapakukosa maarifa. Kilichokosekana ni kulitenda lile moja alilolijua. Mlango alioukuta akiwa na miaka 19, akaudharau kwa kuwa ni mfupi, ulikuwa ungali pale pale, haukuongezwa urefu. Aliyebadilika ni yeye: ameinama.

Hili ndilo jibu la swali letu. Mtafutaji wa nuru mara nyingi hapungukiwi na maarifa. Hupungukiwa na utii kwa yale ayajuayo. Nuru ndogo aliyokwisha kupewa ameiweka chini ya kitanda, naye azunguka nchi akitafuta kubwa. Wala asidhani kwamba atatii kwa nguvu zake peke yake. Ndiyo maana Augustino, baada ya kushindwa miaka mingi, aliiita nguvu ile neema, yaani zawadi.

Huenda mtu akasema, "Basi elimu haina faida?" Sisi walimu hatuwezi kusema hivyo, wala Augustino hakusema. Lakini ni vizuri kusikia habari ya mama yake. Baada ya siku ile ya bustani, walikwenda kupumzika katika shamba la rafiki, mahali paitwapo Cassiciacum, wakakaa wakizungumza juu ya hekima. Ilipofika tarehe 13 Novemba 386, siku aliyotimiza miaka 32, walianza mazungumzo ya siku tatu juu ya furaha ya kweli, naye Monika akiwamo. Augustino akauliza kama mtu apataye kila anachotaka ni mwenye furaha. Monika akajibu kwamba akitaka mema akayapata, ana furaha. Bali akitaka mabaya, hata akiyapata, ni mtu wa kuhurumiwa. Mwanawe, aliyesoma Cicero tangu ujana, akastaajabu akasema kwamba mama ameiteka ngome yenyewe ya hekima. Mama yule hakuwa amesoma vitabu vya wenye hekima. Alikuwa amesali na kuvumilia, na kufikiri juu ya aliyoyaona. Vitabu vyamsaidia mtu aliyeinama aone zaidi, lakini haviinami kwa niaba yake.

Augustino akabatizwa na Askofu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka wa 387, pamoja na Adeodatus na Alypius. Mwaka ule ule Monika akafa huko Ostia walipokuwa njiani kurudi Afrika. Mwana alirudi Thagaste mwaka wa 388, akitaka kukaa kimya na rafiki zake, kusali na kuwaza. Kwa mtu aipendaye hekima hakuna maisha matamu kuliko hayo. Lakini mwaka wa 391 alipokwenda mji wa Hippo, ambao siku hizi huitwa Annaba, watu walimkamata kanisani wakamtaka awe padre wao, naye akalia. Baada ya miaka michache akawa askofu, akadumu katika kazi hiyo mpaka kufa.

Kazi ile haikuwa ya kukaa na kuwaza. Siku nyingi alishinda barazani akisikiliza mashauri ya watu juu ya mashamba, na urithi, na madeni. Aliandika usiku. Palipokuwa na watu waliotekwa, aliagiza vyombo vya kanisa viyeyushwe ili wakombolewe. Juu ya meza yake ya chakula yaliandikwa maneno ya kumwonya kila apendaye kumsengenya mtu asiyekuwapo. Na siku moja maaskofu wenzake walipoyasahau maneno hayo, aliwaambia kwamba ama yafutwe mezani, ama yeye ataondoka aende chumbani mwake. Hayo yameandikwa na Possidius, rafiki yake aliyekaa naye miaka mingi. Naona meza ile yatuonyesha nuru ya moyoni ikiwa kazini: si katika maono, bali katika ulimi uliozuiwa wakati wa chakula.

Tusimfanye kuwa malaika. Akiwa askofu alikubali serikali iwabane kwa nguvu Wakristo waliojitenga, walioitwa Wadonato, ili warudi kanisani, akaandika barua za kulitetea jambo hilo. Wakristo wengi leo waona kwamba hapo alipotoka, nami ni mmoja wao. Nia haifunguliwi kwa fimbo, na yeye kuliko wote alipaswa kulijua hilo. Hata mtu aliyeangaziwa aweza kuwa na pembe ya nyumba isiyofikiwa na taa. Lakini yeye mwenyewe hakudai kwamba amekamilika. Alipokuwa na miaka zaidi ya 70 alivipitia tena vitabu vyake, akaandika kitabu kizima cha kusahihisha aliyoona hakuyasema sawa. Na alipokuwa mgonjwa wa mwisho, mji wa Hippo umezingirwa na Wavandali, aliagiza Zaburi chache za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia. Alikufa tarehe 28 Agosti mwaka wa 430, na Possidius asema hakuacha wosia, maana hakuwa na mali ya kurithisha. Yule aliyeona mlango ni mfupi mno kwa kimo chake alikufa angali ameinama.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na kiu ya hekima, usiione kiu hiyo kuwa upumbavu, wala usimruhusu mtu akucheke. Soma uwezavyo. Uliza, wala usimfuate akukatazaye kuuliza. Tenga saa ya kukaa kimya ujitazame, maana asiyejitazama hajui alipojikwaa. Lakini ukijitazama, usitafute kwanza maono. Jiulize neno hili moja: ni jambo gani ninalolijua kwa hakika kwamba lanipasa, nami sijalitenda? Pengine ni deni la jirani. Pengine ni neno la kumwomba ndugu msamaha kwa ajili ya mpaka wa shamba. Pengine ni mzazi aliyeachwa peke yake, au mtoto asiyetajwa jina nyumbani mwa baba yake. Litende hilo kwanza, ukimwomba Mungu nguvu, kisha ndipo uulize juu ya siri za mbinguni. Jirani uliyemkosea hakai mbali kama Karthago na Milano. Ukifika kwake, huenda ukaona kwamba mlango wake nao ni mfupi.